Kumpokea Aliyeokoka: Mwongozo kwa Wazee wa Kanisa, Viongozi wa Jumuiya na Majirani

Ibada nyingi za Jumapili zina dakika ile ambapo mchungaji anauliza kama yupo anayetaka kumpa Yesu maisha yake. Mkono unainuka kule nyuma, karibu na mlango. Vigelegele vinapigwa, kwaya inaimba, mtu anapita mbele na kuongozwa sala ya toba, jina na namba yake ya simu vinaandikwa kwenye daftari. Kisha yanafuata matangazo, mnada wa mazao, na watu wanatawanyika.

Mwongozo huu unaanzia hapo. Nauandika kwa ajili ya wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya, akina mama wa umoja wa wanawake, na Mkristo yeyote ambaye jirani yake ameamini na hajui amfanyie nini. Mimi nimelelewa katika usharika wa Kilutheri, kwa hiyo mifano mingi inatoka huko, lakini nitagusa na utaratibu wa Wakatoliki, Waanglikana na Wapentekoste, maana kazi yenyewe ni moja.

Neno langu kubwa ni hili: mwamini mpya akabidhiwe kwa mtu. Awe mtu mmoja anayemjua kwa jina, anayepajua anapoishi, na aliyekubali kutembea naye mwaka mzima. Daftari, darasa, semina na kundi la WhatsApp vinasaidia, ila haviwezi kushika nafasi ya mtu huyo. Mwangalie Sauli wa Tarso katika Matendo 9. Bwana mwenyewe alimtokea njiani, na bado alikaa Dameski siku 3 bila kuona, bila kula wala kunywa, mpaka Anania alipotumwa kwenye nyumba ya Yuda, katika njia iitwayo Nyofu. Anania aliogopa, na sababu ya kuogopa alikuwa nayo, maana Sauli alikuwa mtesi wa wanafunzi. Akaenda hata hivyo, akamwekea mikono, akamwita ndugu. Sauli akabatizwa, akala chakula, akapata nguvu. Baadaye alipofika Yerusalemu wanafunzi walimwogopa, hawakusadiki kwamba naye ni mwanafunzi, na Barnaba ndiye aliyemchukua na kumpeleka kwa mitume. Ikiwa Sauli huyo, ambaye ndiye Paulo, alihitaji watu wawili wa kumshika mkono, kijana wa bodaboda aliyeokoka jana atawahitaji pia.

Hatua ya 1: Siku yenyewe, msikilize kabla ya kumwandika

Mtoe kwenye macho ya watu. Ofisi ya usharika inafaa, kivuli cha mwembe nje kinafaa. Wakae naye watu wawili, wa jinsia yake, na simu zao zizimwe. Mmoja amuulize kwa upole: "Ndugu, ni nini kimekuleta leo?" Kisha wanyamaze.

Utasikia mambo ambayo hukuyatarajia. Huyu amefiwa na mama yake mwezi uliopita. Yule anaumwa na amezunguka kwa waganga mpaka shamba limeuzwa. Mwingine aliota ndoto, mwingine alikuwa anapita tu akasikia wimbo ambao bibi yake alikuwa akiuimba. Usikatize habari yake ili uwahi kumfundisha. Namna alivyoguswa ndiyo itakayokuonyesha pa kuanzia naye juma lijalo.

Akimaliza, mweleze kwa maneno machache kilichotokea. Warumi 10:9 inatosha kwa siku hiyo: kumkiri Yesu kwa kinywa kwamba ni Bwana, na kuamini moyoni kwamba Mungu alimfufua katika wafu. Kama bado hajaomba kwa maneno yake mwenyewe, mpe nafasi aombe, hata sentensi mbili. Orodha ya makatazo iache. Nimeona watu wakipewa pombe, sigara, hereni na mavazi yote kwa mpigo, dakika kumi baada ya Amina, na mtu anaondoka akidhani ameandikishwa jeshini.

Kabla hajaondoka awe na mambo matatu mkononi: jina la mtu atakayekuwa naye, namba ya simu ya mtu huyo, na siku watakayoonana. Siku itajwe kabisa. Ukimwambia "tutakutafuta" hujamwambia kitu.

Hatua ya 2: Chagua msimamizi kwa makini

Msimamizi ndiye yule mtu mmoja atakayetembea na mwamini mwaka mzima. Mchungaji asijipe kazi hii mwenyewe. Ana misiba, vikao, na waumini wengine. Wazee wa kanisa wawe na watu sita au saba walioandaliwa tangu mapema, wanawake kwa wanaume, vijana kwa wazee, waliotawanyika katika mitaa yote ya usharika. Mwamini mpya anapopatikana, mnamtazama: anaishi wapi, umri gani, anafanya kazi gani, anatoka muda gani. Dereva wa daladala anayerudi nyumbani saa nne usiku usimpe mwalimu mstaafu anayelala saa mbili.

Mwanamke apewe mwanamke, mwanamume apewe mwanamume. Hili lisilegezwe, hata kama msimamizi anayepatikana karibu ni mwinjilisti hodari. Linamlinda mwamini, linamlinda mhudumu, na linalinda jina la kanisa mtaani.

Sifa ya pili ni kutunza siri. Mwamini mpya atasema mambo mazito mapema, pengine mapema kuliko inavyofaa, kwa sababu amefungua moyo na hajui bado nani ni nani. Yakifika kwenye kikao cha umoja wa wanawake kama "ombi la maombi", hatarudi. Sifa ya tatu ni uvumilivu. Ufasaha wa maandiko unasaidia, lakini swali lisilo na jibu linaweza kupelekwa kwa mchungaji. Uvumilivu hauazimwi.

Hatua ya 3: Juma la kwanza

Jumatatu, piga simu. Usitume ujumbe wa maandishi, piga. Mjulie hali, muulize amelalaje, ameamkaje, omba naye dakika moja, mkumbushe siku mtakayoonana. Basi.

Ziara ya kwanza ifanyike kabla ya Ijumaa, na ifanyike kwake au kazini kwake kama ataridhia. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapokosea kwa nia njema. Tunakwenda watu wanane, na kitenge cha sare, na gitaa, mtaa mzima unajua. Nendeni wawili. Mmepiga hodi, mmekaribishwa, kaeni mnapokalishwa. Akiwapa chai, kunyweni.

Chukua mfano wa mama anayeuza vitumbua. Anaamka saa tisa usiku kuumua unga, anauza mpaka saa tatu asubuhi, analala mchana. Mfuate saa kumi jioni. Atakuwa anaosha mchele wa kulowekea kwa ajili ya kesho, na mtoto yuko mgongoni. Usimwambie aache. Chukua kigoda ukae, ongea naye akiendelea na kazi. Mikono yake ikikauka, mpe Biblia uliyomletea na umwonyeshe namna ya kuifungua. Wengi wetu tuliozaliwa kanisani tumesahau kwamba hili hufundishwa. Mfungulie yaliyomo ukurasa wa mbele, mwonyeshe kwamba vitabu ni 66, vya Agano la Kale na vya Agano Jipya. Kama ni parokia ya Kikatoliki, mwonyeshe vile 73. Tafuteni pamoja Injili ya Marko. Namba kubwa ni sura, namba ndogo ndogo ni aya. Marko 1:14 maana yake sura ya kwanza, aya ya kumi na nne. Mwache aitafute mwenyewe, hata akichukua muda. Akiipata, asome yeye. Weka utepe hapo.

Nasema Marko kwa sababu ni fupi, sura 16, na Yesu anaonekana kazini tangu ukurasa wa kwanza: anaponya, anakula na watoza ushuru, anagusa mwenye ukoma. Mtu akianza na Mwanzo peke yake, akifika Mambo ya Walawi ataifunga. Kama hasomi, ziko Biblia za kusikiliza kwa Kiswahili, mnaweza kumwekea kwenye memori kadi akasikiliza anapokaanga.

Mwachie swali moja tu la kutembea nalo juma zima, kwa mfano: katika sura tatu za kwanza za Marko, Yesu alikasirika wapi, na kwa nini? Mtakaporudi mtakuwa na la kuongea.

Kuhusu hirizi na vitu vya uganga: asilazimishwe. Wengine watavitoa wenyewe siku ya kwanza, wengine baada ya miezi mitatu, hofu ikipungua. Waefeso katika Matendo 19 walileta vitabu vyao vya uganga kwa hiari, tayari wakiwa wameamini. Atakapokuwa tayari, aende mchungaji na wazee wawili, waombe, wavichome. Na tafadhali, mtu asipige video. Aibu ya mtu haifai kusambazwa mtandaoni eti ni ushuhuda.

Hatua ya 4: Jumapili ya pili

Mpitie nyumbani mwende pamoja. Kama haiwezekani, mngoje getini, siyo ndani. Kaa naye benchi moja. Kwetu Walutheri liturujia ina kusimama na kukaa kwingi, ina maitikio, ina vitabu viwili vya kushika, na mgeni anahisi kila mtu anajua isipokuwa yeye. Mfungulie ukurasa kabla wimbo haujaanza. Mnong'oneze: "Sasa tunaungama, unaweza kusoma hapa, au usikilize tu."

Ile desturi ya kusema "wageni wote wasimame wajitambulishe" inawafaa waliohama kutoka usharika mwingine. Kwa mtu ambaye jana alikuwa anajificha kuja kanisani, inatisha. Msimamizi amweleze mapema kwamba anaweza kubaki amekaa.

Meza ya Bwana ielezwe kabla ya siku hiyo kufika. Makanisa mengi hapa kwetu humkaribisha mezani mtu aliyebatizwa na kupata mafundisho. Akiachwa peke yake benchi lote likienda mbele, atadhani amekataliwa. Mwambie nini kinafanyika, kwa nini anasubiri, na anasubiri mpaka lini. Kama kanisa lenu huwaruhusu wasioshiriki kwenda mbele kupokea baraka, nenda naye. Kama sivyo, baki naye benchini siku hiyo.

Sadaka vilevile. Usimpe bahasha ya ahadi wala namba ya zaka mwezi wa kwanza. Mfundishe utoaji wakati wake ukifika, kwenye darasa, kwa utulivu. Yakobo anawakemea wanaompa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini asimame kule au akae chini. Wahudumu wa mapokezi waisome sura hiyo ya pili angalau mara moja kwa mwaka, kisha wajiulize mwenye gari anakalishwa wapi na mwenye ndala anakalishwa wapi.

Hatua ya 5: Mpeleke kwenye jumuiya

Kanisa la watu 600 haliwezi kumfahamu mtu. Nyumba kumi na mbili za mtaa mmoja zinaweza. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, chini ya umoja wao uitwao AMECEA, waliliona hili mapema: katika mikutano yao ya 1973 na 1976 waliweka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kazi ya kichungaji, na leo ni vigumu kuiwaza parokia ya Tanzania au Kenya bila jumuiya. Nasi Walutheri tunakutana nyumba kwa nyumba katikati ya juma. Kabla ya hapo, uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930, uliosambaa mpaka Bukoba na Kenya ya kati, uliishi kwa makundi ya walokole yaliyokutana kila juma kuungama, kuombeana na kuambiana ukweli. Aliyeokoka alikumbatiwa na kuimbiwa papo hapo, na kuanzia siku hiyo alikuwa na ndugu. Waliitana ndugu, mwalimu wa shule na mlinzi wa usiku, Mzungu na Mwafrika, wakati ambapo ukoloni ulikuwa umewatenga kila mahali pengine. Nguvu ya uamsho ule, kwa maoni yangu, ilikuwa hapo kuliko kwenye mikutano mikubwa.

Mpeleke mwamini mpya kwenye jumuiya ya anapoishi, hata kama unatamani abaki kwenye ya kwako. Mara ya kwanza asikilize. Mara ya tatu au ya nne apewe kazi ndogo: kusoma somo, kupanga viti, kuchemsha chai. Jumuiya ikutane kwake atakapokaribisha mwenyewe, na mwenyekiti atangaze wazi kwamba kwa siku hiyo maji ya kunywa yanatosha. Wapo watu wameikimbia jumuiya kwa sababu zamu yao ilikaribia na hawakuwa na hela ya sukari.

Jumuiya ndiyo itakayojua kwamba mtoto wake amelazwa, kwamba amefukuzwa kibarua, kwamba mama mwenye nyumba amemtolea vyombo nje. Hapo kanisa linaonekana kwa gunia la mkaa na kilo mbili za maharage. Msaada upitie kwa mtunza hazina wa jumuiya na uandikwe, msimamizi asitoe mkopo wa mfukoni. Deni kati yao wawili litavunja kila kitu mlichojenga.

Hatua ya 6: Mafundisho na ubatizo

Muda unatofautiana. Makanisa mengi ya Kipentekoste hubatiza kwa maji mengi baada ya mafundisho ya majuma machache ya kukulia wokovu. Kwa Wakatoliki mtu mzima huingia ukatekumeni, yaani kipindi cha kuandaliwa kwa ubatizo, akasindikizwa kwa hatua, na kwa kawaida hupokea Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi katika mkesha wa Pasaka. Walutheri na Waanglikana wana darasa la ubatizo la watu wazima. Aliyebatizwa utotoni kisha akapotea habatizwi tena kwetu. Anarudi kundini mbele ya usharika, na kurudi huko kupewe uzito na furaha ileile.

Kanisa la kale halikuwa na haraka. Mwongozo mmoja wa zamani unaohusishwa na Hippolytus wa Roma unataja miaka 3 ya kusikiliza Neno, lakini unaongeza kwamba mtu mwenye bidii asipimwe kwa muda, apimwe kwa mwenendo. Kabla ya ubatizo aliulizwa: amewaheshimu wajane? Amewatembelea wagonjwa? Na waliomleta walisimama kumshuhudia. Kadinali Lavigerie aliwaagiza Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki wa shirika lake waliofika Uganda 1879, kuwaandaa watu kwa miaka 4. Ila utaratibu huo ulijua pia kupinda. Mei 1886 kule Munyonyo, Mwanga, mfalme wa Buganda, alipokuwa amewaka hasira, Karoli Lwanga aliwabatiza usiku uleule wakatekumeni wenzake wa ikulu, Kizito mdogo akiwa mmoja wao. Siku chache baadaye, tarehe 3 Juni, walichomwa moto Namugongo. Askari wa gereza wa Filipi naye alibatizwa usiku huohuo na nyumba yake, baada ya kuwaosha Paulo na Sila mapigo yao na kabla ya kuwaandalia chakula.

Kwa hiyo fuata utaratibu wa kanisa lako, mweleze mwamini tarehe, na umweleze kwa nini. Darasani wafundishwe Imani ya Mitume, Baba Yetu, Amri Kumi, maana ya sakramenti, na namna ya kusali mtu akiwa peke yake asubuhi. Wapewe nafasi ya kuuliza. Swali la Utatu litakuja, na swali la wazee wao waliokufa bila kusikia Injili litakuja kwa uchungu. Mwalimu asilidharau wala asilijibu kwa pupa.

Jina la ubatizo halimlazimu mtu kuacha jina lake. Anayeitwa Juma anaweza kubatizwa Juma. Akitaka jina jingine ni sawa, lakini ajue kwamba cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki vitabaki na jina la zamani mpaka alibadilishe kisheria.

Kuna jambo moja mwalimu lazima aliseme kwa kinywa chake mwenyewe, wazi, mbele ya darasa zima: dawa haziachwi. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, za kisukari, za presha au za kifafa, aendelee, aombewe, na arudi kliniki tarehe yake. Akisikia mtu yeyote, hata mwenye cheo, akimwambia kumeza dawa ni kukosa imani, aje amwambie mchungaji siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Nyumba anayorudi

Mtu anaokoka peke yake lakini analala nyumbani kwa watu. Msimamizi amuulize mapema: nyumbani wanajua? Watasemaje?

Kama ametoka familia ya Waislamu, mafundisho ya kwanza ni heshima. Aendelee kuwapa shikamoo, kuchangia ada za wadogo zake, kwenda kwenye misiba, kubeba jeneza, kuchota maji. Asidhihaki dini ya wazazi wake, na kanisa lisimpe maikrofoni aidhihaki. Katiba ya Tanzania katika ibara ya 19 na ya Kenya katika ibara ya 32 zinampa haki ya kuamini, lakini haki hiyo si fimbo ya kumpigia baba yake. Asisukumwe kutangaza kabla hajawa tayari. Akifukuzwa, jumuiya iwe imeshapanga atalala wapi, na mzee mmoja mwenye busara, ikiwezekana anayefahamiana na familia, aende kuzungumza na wazazi bila ubishi wa dini.

Kama ni mke ambaye mume wake hajaamini, mikesha ya kila Ijumaa isubiri. Mama mmoja wa kanisa pamoja na mume wake wamtembelee, wamsalimie baba mwenye nyumba, waongee habari za mpira na mahindi. Petro katika waraka wake wa kwanza anatumaini kwamba waume kama hao watavutwa kwa mwenendo wa wake zao pasipo neno, na mke anayekosekana nyumbani kila usiku kwa sababu ya kanisa anamfungia mumewe mlango huo.

Wanaoishi pamoja bila ndoa wasaidiwe kufunga ndoa, na wasaidiwe iwe rahisi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inadai notisi ya siku 21. Haidai kamati, ukumbi, wala keki. Sharika na parokia nyingi hufungisha ndoa za pamoja kwa wanaoishi hivyo, jozi kwa jozi, ibada moja, na watoto wao wakiwa wamekaa mstari wa mbele. Tuzifanye ziwe nyingi zaidi.

Mwenye wake wengi ni jambo la mchungaji na la uongozi wa juu, msimamizi asilitolee hukumu. Historia yetu hapa ina machozi. Mkutano wa Lambeth wa Waanglikana mwaka 1888 ulimzuia mwanamume wa namna hiyo kubatizwa, na wako wanawake waliofukuzwa na watoto wao ili baba apate ubatizo. Ilichukua miaka 100. Mwaka 1988 mkutano huohuo ulikubali abatizwe pamoja na wake na watoto walioamini, akiahidi kutoongeza mke maadamu yupo hai yeyote kati ya alionao, na asilazimishwe kumtoa mke kwa sababu ya hali ngumu itakayompata. Makanisa mengine yana msimamo wao. Ulizeni kabla ya kumpa mtu matumaini au kumkatisha tamaa.

Mwanafunzi aliyeokokea shuleni katika UKWATA au CASFETA, vyama vya wanafunzi Wakristo, na yuko chini ya miaka 18, wazazi wajulishwe na waheshimiwe. Hakuna ubatizo wa siri wa mtoto wa mtu.

Hatua ya 8: Mlinde na haraka, na mlinde na wakali

Mtu mwenye kipaji akiokoka, kila idara inamtaka. Kwaya imesikia anapiga kinanda, vijana wamesikia ni mhasibu. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba askofu asiwe mtu aliyeongoka karibuni. Mpeni mwaka wa kukaa chini. Vivyo hivyo kwa ushuhuda: jambazi aliyeokoka akizungushwa kwenye mikutano kila mwisho wa juma, atajikuta anaongeza chumvi, na maisha yake mapya hayapati nafasi ya kuota.

Hatari kubwa zaidi inatoka nje, au ndani chini ya jina la Yesu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu. Wengi walikuwa watu waliotafuta Mungu kwa dhati. Walitengwa na ndugu, watoto wakatolewa shule, hospitali ikaitwa dhambi. Mfundishe mwamini mpya dalili hizo mapema, kwa majina yake: mhubiri anayekukataza kuongea na mama yako, anayetaka uuze kiwanja umletee fedha, anayeuza maombi, maji au mafuta, anayesema yeye peke yake ndiye ameisikia sauti ya Mungu, anayekutana na wasichana faragha usiku. Na kanisa letu lijipime kwa orodha hiyohiyo, tukianzia na sisi wazee.

Hatua ya 9: Akipungua, akihama

Atakosekana Jumapili moja, kisha mbili. Usingoje ya nne. Nenda, na ukifika usianze na "mbona umepotea?" Anza na habari zake. Mara nyingi utakuta jambo dogo: amebadilishiwa zamu, viatu vimekatika, alikopa elfu tano kwa mwenzake wa jumuiya na anaona haya. Mara nyingine ameanguka katika lile aliloacha, kurudia pombe au mwanamke, na anadhani habari yake imekwisha. Kaa naye. Msomee Luka 15 taratibu, pale ambapo baba anamwona mwana angali mbali. Kisha panga naye hatua ya kesho: atakwepa njia gani anaporudi kazini, atampigia nani akizidiwa saa tano usiku. Kama usharika unahitaji kumrudisha kundini kwa utaratibu, mchungaji aufanye kwa faragha inayostahili, na wazee wasiugeuze kuwa kesi.

Watu wa kwetu wanahama. Anapata kazi Mwanza, anaolewa Mbeya, anaenda Oman kufanya kazi za ndani. Hapa ndipo tunapopoteza wengi tuliowalea vizuri. Akikuambia anahama, usimpe mkono wa kheri tu. Mwandikieni barua ya utambulisho yenye muhuri, ikitaja tarehe ya ubatizo na kama anashiriki Meza ya Bwana. Tafuta namba ya mchungaji, katekista au mzee wa kanisa wa huko aendako, piga mwenyewe, mtaje kwa jina, sema atafika tarehe ngapi na atafikia wapi. Kama anakwenda nchi ambako kanisa liko mbali, pangeni siku ya simu kila juma na aende na Biblia ya kusikiliza kwenye simu yake. Jumapili ya kwanza baada ya kuhama, mpigie jioni umuulize ni nani alikaa naye benchini.